Bei yako ya nje ya soko nayo inatazamwa: kwa mnaoanza kuuza kwenye masoko makubwa ya mtandaoni

Ukitaka kupeleka bidhaa kwenye soko kubwa la mtandaoni, kila mtu atakuonya kuhusu kamisheni. Kamisheni ndiyo nyepesi kuihesabu. Amazon hukata takribani asilimia 15 kwa aina nyingi za bidhaa, na kiwango kimeandikwa wazi. Wageni huumizwa na yanayofuata: ada ya ghala na usafirishaji, mizigo inayorudishwa, halafu matangazo. Matangazo wanasema ni hiari. Yaache uone bidhaa yako inavyozama kwenye kurasa zisizofunguliwa na mtu. Toa makato yote kwanza, ndipo upange bei.

Lakini nataka mkae zaidi kwenye hiyo bei. Mgeni hupiga hesabu hivi: sokoni nitauza 100, kwenye tovuti yangu 85, maana huko hakuna anayenikata. Hesabu haina kosa, ila soko lina programu zinazopita mtandaoni kutwa zikilinganisha bei. Zikikukuta unauza nafuu kwingine, hupigiwi simu. Unaamka tu, kitufe cha kununua kimetoweka kwenye ukurasa wako na oda zimekauka.

Zamani sharti la kutouza nafuu kwingine lilikuwa ndani ya mikataba. Amazon ililiondoa Ulaya mwaka 2013, mamlaka za ushindani za Ujerumani na Uingereza zilipolichunguza, na Marekani mwaka 2019. Septemba 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, pamoja na majimbo 17 waliishtaki kampuni hiyo, wakidai kwamba adhabu iliendelea bila sharti kuandikwa. Amazon inakanusha; hoja yake ni kwamba haiwajibiki kumpendekezea mteja bei isiyo nzuri. Mnaoanza msisubiri kesi iishe ndipo mpange bei.

Tazama linakofika jambo hili. Makato yakipanda, unapandisha bei sokoni. Kwa kuogopa kitufe kuondolewa, unapandisha na kwenye tovuti yako, na unamwomba mwenye soko dogo linaloshindana na lile kubwa naye asishushe bei. Yeye alikuwa tayari kukukata kamisheni ndogo ili bidhaa yako iuzwe nafuu kwake. Silaha yake imeshanyang'anywa, na aliyemnyang'anya ni wewe, kwa niaba ya mwingine. Mteja ambaye hajawahi kulifungua lile soko anazilipia ada zake. Wanaosema masoko pinzani yajitahidi tu kushusha bei, mimi huona hawajawahi kukaa upande wa muuzaji.

Na hata anayeweza kushindana kwa bei hana uhakika. Quidsi, waliokuwa na duka la nepi la Diapers.com, walikabiliwa na Amazon iliyoshusha bei za nepi kwa nguvu. Mwaka 2010 wakakubali kununuliwa na Amazon hiyohiyo, kwa takribani dola milioni 545; mwaka 2017 duka likafungwa.

Basi mfanye nini? Njia ninayoiamini ni kutouza kitu kilekile pande zote mbili. Sokoni peleka kimoja kimoja. Nje uza seti, au ujazo mwingine, wenye msimbo wake wa bidhaa. Programu hupata tabu kulinganisha visivyofanana. Hii hukupa pia kinga ya pili: mwenye soko huona mauzo yako yote ya humo, si ya nje, na huenda naye anauza bidhaa kama zako. Umoja wa Ulaya ulilichunguza hili, na Desemba 2022 Amazon iliahidi huko kutotumia takwimu za siri za wauzaji kushindana nao. Nje ya Ulaya usijipe moyo kwa ahadi hiyo. Bidhaa yako bora kabisa isiwe ya kwanza kuingia sokoni.

Mkikuta sharti la kuuza kwa soko moja tu, simameni hapo. China iliitoza Alibaba, kampuni yenye masoko makubwa ya mtandaoni huko, faini ya yuan bilioni 18.2 mwaka 2021 kwa kuwabana wauzaji namna hiyo. Faini ililipwa serikalini, si kwa wauzaji.

Ankara za mzalishaji ziwe tayari, kwa jina lilelile la akaunti yako. Akaunti ikisimamishwa, mara nyingi hizo ndizo huulizwa mwanzo, na wakati huo mzigo wako umo ghalani mwao.