Usilipe Jumamosi kabla hujajua unamwandikia nani

Usimlipe fundi huyo anayetaka kukufungulia blogu shilingi 250,000 siku ya Jumamosi. Nimelisoma swali lako mara mbili, mdogo wangu, na kila nikifika pale ulipoandika kwamba blogu yako itakuwa "ya mambo yote ya Pemba", yaani utalii, mapishi, siasa, mitindo, mpira na mashairi, na kwamba "lengo lenyewe nitalijua mbele ya safari", moyo unanienda mbio, kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe mwaka 2016 na najua yalinifikisha wapi.

Umeuliza pia utumie Blogger au WordPress, uandike kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, uweke makala ngapi kwa wiki, na fedha zitaanza kuingia baada ya muda gani. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kujibiwa sawasawa kabla hujasema blogu ni ya nini. Anayeuliza achukue ngalawa au jahazi lazima kwanza aseme kama anakwenda Misali kuvua au anapeleka mzigo Mombasa.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Mwaka huo wa 2016 nilipanda boti hadi Unguja kuhudhuria semina ya siku mbili ya kutengeneza blogu, ambayo ada yake ilikuwa shilingi 60,000 bila ya nauli wala malazi. Mkufunzi alisimama mbele yetu, watu wapatao thelathini, akatwambia tuanze tu na lengo litatufuata. Akatwambia tuandike kila kinachotafutwa na watu, tuweke makala tatu kwa siku, na wasomaji wakishakuwa wengi ndipo tutakapojua blogu zetu ni za nini. Hakumuuliza hata mmoja wetu anatoka wapi, anajua kitu gani, wala ni nani anayemsikiliza akizungumza. Mchana wa siku ya pili ni yeye huyo huyo aliyekuwa akituuzia domeini na hostingi, yaani jina la blogu na nafasi ya kuiweka mtandaoni, akiandikisha majina na kupokea fedha, na kila aliyesema anataka kwenda kufikiri kwanza aliambiwa kwamba anajichelewesha. Nina hasira naye mpaka leo. Mtu anayechukua fedha za vijana kwa kuwafundisha wasifikiri amewadhulumu, na fundi wako, aliyekwambia "ukifungua tu utajua", anakwambia maneno yale yale.

Nikarudi Wete nikaanza kuandika. Asubuhi niliweka usajili wa wachezaji wa Ulaya, mchana namna ya kupika urojo, jioni harusi ya msanii wa bara. Mengi ya hayo sikuyaona kwa macho wala sikuyasikia kwa mwenyewe. Niliyanyanyua kutoka kurasa za wengine nikabadilisha maneno mawili matatu. Katika mwaka wa kwanza niliweka makala zaidi ya 400, na katika hizo zilizokuwa zangu kweli, nilizoziandika kwa kitu ninachokijua, zilikuwa tisa, zote za karafuu.

Ami yangu ana mikarafuu Mtambwe, na mimi nimekulia huko, nikichuma wakati wa likizo za skuli na kukaa usiku barazani na watoto wenzangu tukichambua karafuu na kuzitenga na makonyo. Kwa hiyo siku moja, nilipokosa cha kunakili, niliandika namna ami anavyookoa karafuu wakati mvua inapokuja zikiwa bado juani. Nilieleza kwamba karafuu huchumwa zikiwa hazijachanua, kwamba huhitaji siku kadhaa za jua, na kwamba zikilowa kisha zikarundikwa zikiwa na unyevu hupata moto, huvunda, hupoteza rangi na kushuka daraja. Nikaeleza jinsi anavyozitandaza nyembamba juu ya majamvi, anavyozigeuza, anavyozianua kabla wingu halijafika, na anavyoweka turubai juu ya fito ili upepo upite chini yake, badala ya kuzifunika gubigubi kama tunavyofanya wengi wetu kwa hofu.

Waliosoma makala hiyo walikuwa wachache sana wakilinganishwa na waliosoma habari za mpira, lakini hawa wachache waliniandikia. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na ni vigumu kupata ukoo usio na mtu aliye mbali mwenye mikarafuu aliyorithi. Waliniandikia watu walioko Muscat na Dubai, wenye miti inayoangaliwa na ndugu zao, wakasema wameituma makala kwa WhatsApp nyumbani. Mmoja aliuliza ni wakati gani wa kupanda miche mipya kati ya miti mizee. Mwengine aliuliza namna ya kugawana na wachumaji bila ya ugomvi. Walikuwa wananipa lengo la blogu bure, kwa mikono yao wenyewe, nami sikulipokea, kwa sababu niliangalia hesabu ya wasomaji nikaona mpira uko juu, na mkufunzi alikuwa ametwambia tuifuate hesabu.

Sasa lisome hili lifuatalo polepole, kwa sababu ndilo lililonifanya niache shughuli zangu usiku huu nikujibu.

Msimu wa karafuu wa 2017, mavuno yakiwa yamepamba moto, nilipata ujumbe wa WhatsApp uliosema kwamba bei itapandishwa wiki mbili zijazo na kwamba mwenye busara azuie karafuu zake. Ilikuwa baada ya Magharibi na nilikuwa bado sijaweka makala ya tatu ya siku hiyo. Niliuchukua ujumbe ule, nikaupa kichwa cha habari, nikauweka. Bei ya karafuu hutangazwa na Serikali na mnunuzi wake kisheria ni mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, kwa hiyo habari kama hiyo inahakikiwa kwa swali moja kwa mtu mmoja, na kituo cha ununuzi kilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa baiskeli kutoka nyumbani kwangu. Sikwenda. Hata kupiga simu sikupiga.

Wasomaji wa mpira waliipita habari ile bila ya kuitazama. Walioiamini ni wale wa karafuu, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha jambo la mvua na wakaona ni kweli. Bei haikupanda, ilibaki shilingi 14,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, kama ilivyokuwa. Ami yangu alikuwa amezuia magunia sita katika chumba cha uani, mengine yakiwa hayajakauka vyema kwa sababu aliharakisha kuyaingiza ndani, na mvua za vuli hazikumsubiri. Alipoyatoa, matatu yalikuwa yameingia unyevu na rangi imekwenda, na kituoni yakapimwa kwa daraja la chini. Najua watu wengine wanne waliofanya kama yeye kwa kusoma habari yangu. Wapo nisiowajua, na hao ndio wanaonikosesha usingizi.

Ami hakunigombeza. Tulikuwa tumekaa barazani kwake akaniuliza, "Mwanangu, ile habari uliniandikia mimi, au ulimwandikia nani?" Nilitafuta jibu sikulipata. Sikuwa nimemwandikia yeye, wala mtu wa Muscat, wala kijana wa mpira. Niliandika ili siku isipite bila ya makala tatu. Niliifuta usiku ule ule, lakini ilikuwa imeshatumwa simu kwa simu, na kitu kilichokwisha kutumwa hivyo hakirudi. Wale wa karafuu hawakuniandikia tena.

Utaniambia kwamba kosa langu lilikuwa kutohakiki habari na kwamba wewe utahakiki. Nami nilifikiri hivyo kwa muda, mpaka nilipojiuliza kwa nini sikuhakiki, mimi ambaye katika zile makala tisa nilikuwa nikimpigia ami simu mara tatu kwa aya moja. Sikuhakiki kwa sababu hapakuwa na mtu ninayemhakikishia. Ukijua kwamba unayemwandikia ni mzee wa Mtambwe mwenye magunia sita uani, mkono wenyewe unasita kabla ya kubonyeza. Ukiwa unawaandikia "watu wote" humwoni mtu yeyote, na neno lolote linaonekana halina madhara.

Mwaka 2018 zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa ada ya shilingi 100,000 ya maombi, 1,000,000 ya leseni, na 1,000,000 kila mwaka. Wengi walifunga kwa kukosa fedha. Mimi, hata kama ningezipata za kukopa, nisingeweza kusema ninazilipia nini, nikaifunga blogu yangu bila ya mtu hata mmoja kuniuliza imekwenda wapi. Kanuni hizo zimeshabadilishwa: za 2020 zilitenganisha anayeandika habari na matukio na anayeandika burudani au elimu, na zikarekebishwa tena baadaye. Kwa hiyo ulizia TCRA sharti linalokuhusu wewe kabla ya kufungua, na uone kwamba hata huko utaulizwa unakusudia kuandika nini. Siasa kidogo na mapishi kidogo na mpira kidogo zitakuweka mahali ambapo hukukusudia kuwa.

Kanuni ninayoishikilia sasa ni hii moja. Kabla ya kununua kitu chochote, andika kwenye karatasi jina la mtu mmoja unayemjua, aliye hai, unayeweza kwenda kwake kwa miguu au kwa daladala, na mbele ya jina lake andika ni kitu gani ataweza kukifanya baada ya kukusoma ambacho leo hawezi. Usiandike "vijana", usiandike "Wazanzibari walioko nje", usiandike "wapenda utalii", kwa sababu hao hawawezi kukuuliza swali barazani. Kisha andika vichwa kumi vya makala za mtu huyo mmoja. Ukifika cha nne ukakwama, basi umechagua mtu ambaye huna la kumwambia, na ni heri ulijue hilo kwa karatasi moja kuliko kwa shilingi 250,000 na miaka miwili. Makala yoyote itakayokujia baadaye, nzuri namna gani, kama mtu huyo haimfai, iache.

Na wewe, dada yangu, umeshaliandika lengo lako bila ya kulitambua. Katikati ya swali lako, baada ya mitindo na kabla ya mpira, umesema kwa kupita kwamba bibi yako wa Chake Chake anasuka mikeka, kwamba wasichana wa mtaani wanamjia kumuuliza namna ya kutia rangi miyaa, yaani majani ya kusukia, na kwamba umemrekodi kwenye simu akieleza jinsi nyeusi ilivyokuwa ikipatikana kwa mti wa mdaa kabla ya rangi za dukani. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko swali lako lote lililobakia. Wapo wasichana unaowajua kwa majina, wana haja unayoijua, na aliye na jibu yumo nyumbani mwenu na umri umemwendea. Namna ya kuchagua ukindu, kuchana, kuchemsha rangi isichuje, kusuka ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, uwe sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, kushona mkeka usipinde pembeni, majina ya nakshi na maana zake, bei ya haki ya kazi ya wiki nzima: nimehesabu saba bila ya kumjua bibi yako, na wewe utapata thelathini. Hata swali la lugha limejijibu, kwani msichana anayekuja uani kwa bibi hasomi namna ya kuchemsha miyaa kwa Kiingereza.

Kuhusu fedha nitasema jambo moja tu. Google AdSense, huduma inayokulipa kwa matangazo yanayowekwa kwenye blogu, hulipa pale salio lako linapofikia dola 100, na kwa blogu ndogo ya Kiswahili safari hiyo ni ndefu mno kuwa sababu ya kuamka alfajiri. Mkeka wenye picha nzuri na maelezo ya kweli unaweza kupata mnunuzi kabla ya hapo, lakini usianze kwa hilo.

Nilianza tena mwaka 2021, blogu ndogo ya karafuu tu. Juu ya meza yangu pana karatasi yenye jina la ami. Naandika makala mbili kwa mwezi wakati wa msimu, na moja au hata hakuna wakati mwengine. Kila moja, kabla haijatoka, mjukuu wake humsomea kwa sauti barazani. Mwaka jana alisikiliza moja mpaka mwisho akasema haina la kumfaa mtu mwenye mikarafuu, nikaifuta ingawa niliihangaikia siku nne.

Jumamosi nenda kwa bibi yako badala ya kwenda kwa fundi. Chukua daftari, kaa naye wakati wasichana wanapokuja, andika kila swali watakalomuuliza kama walivyolisema wao, na uliza jina la yule anayerudi mara kwa mara. Ukisharudi, andika hapa chini jina lake na kitu anachoshindwa kukifanya, nami nitakujibu usiku huo huo.