Kwa wanafunzi mliofika Madison, Marekani, mwezi wa nane: Januari na Ziwa Mendota

Kitu cha kwanza cha kufuta kichwani ni imani kwamba jua likiwaka kuna joto. Huku Wisconsin, katikati ya Januari, siku ya kuogopa ni ile ambayo anga ni buluu tupu, hata wingu la kusingizia hamna. Mawingu ni blanketi: huzuia joto la ardhi lisitoroke usiku. Yasipokuwepo, na hewa kavu ya Kanada ikishuka, unaamka kwenye nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri huku jua linakumulika usoni. Siku inayoanguka theluji mara nyingi huwa ya upole zaidi. Kwa hiyo dirisha lisikudanganye. Soma utabiri, na usome namba zote mbili: joto la hewa, na baridi unayoihisi upepo ukivuma. Ya pili ndiyo ya kuvalia. Ikifika 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda ndani ya nusu saa. (Utabiri wa huku hutolewa kwa Farenhaiti, sifuri yao ni kama 18 chini ya sifuri yetu.)

Hapo kuna jambo ambalo vipeperushi vya afya mara nyingi havituambii sisi. Vimeandikwa kwa ngozi nyeupe: ngozi itakuwa nyekundu, kisha itapauka. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Angalia ncha za masikio, pua na vidole kama vimegeuka rangi ya majivu au vinang'aa kama nta, na zaidi ya yote jiulize kama bado unavihisi. Maumivu yakikoma ghafla ukiwa bado nje, usifurahi, ingia ndani. Usisugue; pasha moto kwa maji ya uvuguvugu.

Mavazi yana kelele nyingi madukani, lakini kanuni ni chache. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kukupoza. Sufu au nguo ya michezo inafaa. Katikati weka kitu cha kushika joto, nje kitu cha kuzuia upepo. Buti ziwe na nafasi: jozi mbili za soksi ndani ya kiatu kinachobana hukupa miguu baridi kuliko jozi moja, maana damu haipiti vizuri. Glovu zinazokusanya vidole vinne pamoja zinashinda zile za kidole kimoja kimoja. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani baridi huzima betri.

Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama karibu saa kumi na nusu jioni. Sisi tuliokulia karibu na ikweta hatujawahi kunyang'anywa mchana namna hiyo. Niliowaona wakilemewa na majira haya ni wale wa chumbani, darasani, chumbani. Ziwa lipo mlangoni mwa chuo na halina kiingilio. Nenda, ila ulijue.

Watu husema "ziwa limeganda" kana kwamba kuna ziwa moja na tarehe moja. Hapa mjini, Ziwa Wingra, dogo na lenye kina kifupi, hutangulia. Ziwa Monona hufuata. Mendota, lenye kina cha mita 25 hivi, huwa la mwisho, kwa kawaida mwishoni mwa Desemba au mapema Januari. Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, basi ya juu yakipoa huzama na ya chini hupanda, mpaka ziwa zima lifike kiwango hicho. Hapo tu ndipo ya juu huweza kuendelea kupoa bila kuzama, na usiku mmoja mtulivu hulifunga.

Kumbukumbu za barafu ya Mendota zinatunzwa tangu miaka ya 1850, na kipindi cha kuganda kimefupika kwa karibu mwezi mzima tangu hapo. Majira ya 2001–2002 barafu ilikaa siku 21 tu. Kwa hiyo mwenyeji akikwambia kwamba wiki ya Krismasi wao hutembea hapo tangu utotoni, mshukuru, halafu pima.

Kipimo cha kutembea ni sentimita 10, yaani inchi 4, za barafu mpya iliyo safi na ngumu. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa, ina kama nusu ya nguvu hiyo, basi idai unene maradufu. Unene haulingani kila mahali: jihadhari na Mto Yahara unapoingia na kutoka, chini ya madaraja, penye chemchemi, na kwenye mipasuko iliyoinuka. Umati wa watu juu ya barafu si ushahidi wowote. Waulize wavuvi. Wao hutoboa kwa keekee kubwa ili kuvua, wanajua inchi ngapi zipo pale waliposimama, na wanapenda sana kuulizwa. Wakishika perch, usitegemee sangara wa Mwanza. Huyu ni samaki mdogo wa manjano mwenye milia, ila mtamu. Leseni ya kuvua inahitajika kuanzia miaka 16.

Usiku utasikia ziwa likinguruma. Mara nyingi ni barafu inayotanuka na kusinyaa joto linapobadilika, na huzoeleka.

Usiende peke yako. Ning'iniza shingoni vijiti viwili vyenye misumari. Bei yake ni ndogo. Ukitumbukia, dakika ya kwanza kazi yako ni moja: kutuliza pumzi, kwa sababu mwili utataka kuhema ovyo na kumeza maji. Kisha una kama dakika 10 ambazo mikono bado inakutii. Usivue koti, hewa iliyomo hukusaidia kuelea. Geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ilikubeba, kita misumari ya vijiti vile barafuni, piga mateke mpaka ulale kifudifudi, jivute, kisha jiviringishe. Usisimame. Na anayemwona mwenzake amezama asimkimbilie: apige 911, namba ya dharura, amrushie kamba.

Kwa kuanza, nenda kwenye barafu ya Tenney Park, ambako jiji hulihudumia eneo la kuteleza na viatu hukodishwa. Hoofers, klabu ya chuo ya michezo ya nje, itakufundisha mengine. Mwezi wa pili, ziwa likikubali, utaona mfano wa kichwa cha Sanamu ya Uhuru ya New York na mkono wenye mwenge vikichomoza barafuni, utani wa wanafunzi ulioanza mwaka 1979. Piga picha, kila mtu hupiga.

Machi ikiingia, acha kuamini vipimo vya Januari. Jua huiozesha barafu kwa ndani, hivyo yenye unene uleule huweza kuvunjika. Ikiwa ya kijivu, au ukingoni kuna maji, msimu wako umeisha, hata kama wavuvi wawili watatu bado wapo kule katikati.