Jibu: Intigrali ya √(5 + 4x − x²) inanigomea

Mkuu, umeweka u = 5 + 4x − x² ukakwama, na ni lazima ukwame: du = (4 − 2x)dx, na nje ya kipeuo hakuna (4 − 2x) ya kuimeza. Achana na u kabisa.

Anza na aljebra. Kamilisha mraba: 5 + 4x − x² = 9 − (x − 2)². Hapa ndipo wengi wanapoteza alama, kwa sababu ya ile hasi mbele ya x². Itoe nje kwanza, ndipo ukamilishe.

Sasa una umbo la a² − t², basi weka x − 2 = 3 sin θ, dx = 3 cos θ dθ. Kipeuo kinakuwa 3 cos θ (θ iko kati ya −π/2 na π/2, kwa hiyo kosaini si hasi). Inabaki:

∫9 cos²θ dθ = (9/2)(θ + sin θ cos θ) + C

Kurudi kwenye x, chora pembetatu mraba: hipotenusi 3, upande unaokabili θ ni x − 2, wa tatu ni kipeuo chenyewe. Jibu:

(9/2) sin⁻¹((x − 2)/3) + ½(x − 2)√(5 + 4x − x²) + C

Litafutie derivativu uhakikishe. Ndani ya kipeuo kukiwa t² + a², tumia t = a tan θ.