Kabla hujainua simu juu ya mgonjwa

Wiki iliyopita kwenye raundi nilimuona intani akipiga picha kidonda kabla hajamsalimia mwenye kidonda. Mbele ya mgonjwa nilinyamaza, nikasema naye nje ya wodi. Nawaandikia na nyinyi wengine mnaoandika kesi za wagonjwa kwenye majarida ya tiba, maana kila mwaka wanakuja wapya na kosa ni lile lile.

1. Ridhaa ya upasuaji si ridhaa ya kuchapishwa. Fomu ni mbili.

2. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakumfichi mtu. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imelisema hilo wazi, na mimi nililijua baada ya kuumiza mtu. Alikuja mama mmoja, mkulima wa mwani, ana ameloblastoma, yaani uvimbe wa taya, kubwa kuliko yoyote niliyopata kuiona. Mumewe ndiye aliyetia dole gumba kwenye fomu. Mama mwenyewe alikaa kitandani, hatua mbili kutoka nilipo, sikumgeukia. Nikaziba macho, nikaandika umri, kazi, kisiwa na mwezi aliofika. Makala ikatoka, nikafurahi. Kisha mtu akaitia ile picha kwenye kundi la WhatsApp. Kanga aliyojitanda ilikuwa sare ya harusi ya binti yake, na jina la kanga likisomeka herufi kwa herufi chini ya kidevu. Kisiwa kizima kilimjua. Kliniki hakuja tena.

Nilipanda mashua kwenda kumuomba radhi. Alinikaribisha mkekani, akanimiminia chai, akaniuliza, "Daktari, mbona mimi hukuniuliza?" Sikuwa na jibu. Jarida liliiondoa picha nilipoomba, lakini kwenye simu za watu ilibaki.

3. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441 Pemba nzima. Kwa maradhi adimu, ukiweka pamoja umri, kazi na kijiji umeshamtaja mtu kwa jina lake. Andika "mwanamke wa miaka ya arobaini", basi. Punguza maelezo, usiyabadilishe: mvuvi usimgeuze mwalimu.

4. Mwongozo wa CARE wa 2013, ule wa kuandika kesi za wagonjwa, una vipengele 13, na vijana wote mnakiruka kile cha mtazamo wa mgonjwa. Muulize maradhi yameyafanyia nini maisha yake. Yule mama, siku ile mkekani, alinambia ameacha kula mbele ya wajukuu. Mimi nilikuwa nimepima uvimbe kwa sentimita na hilo silijui.

5. Mgonjwa akifariki, ridhaa ombeni kwa jamaa zake, lakini subirini matanga yaishe.

Na wewe kijana wa wiki iliyopita, kesi yako ni nzuri na inafaa kuandikwa. Ile picha ifute. Jumatatu njoo na fomu ya Kiswahili, twende pamoja tukamsalimie bibi mwenye kidonda kwanza.