Kutambua chombo cha maua cha chuma cha zamani
Tumia sumaku. Ikinata hata juu ya rangi, chombo ni cha chuma. Isiponata, kwa kawaida ni alumini, zinki au risasi, muuzaji aape asiape. Alumini utaijua kwa wepesi wake. Risasi ni nzito kuliko chuma na laini kiasi kwamba ukucha unaikwaruza, na ukiisugua kwenye karatasi inaacha mstari wa kijivu. Hiyo usipandie mboga, ni sumu.

Ila sumaku haikuambii umri, wala kutu haikuambii. Chuma kipya kikinyunyiziwa maji ya chumvi hushika kutu ndani ya siku chache, na wajanja wanalijua hilo. Mimi huangalia kitako: kwenye cha zamani kweli, kingo zinazogusa ardhi zimelika bila mpangilio.