Maswali na majibu: Algoriti, chati mtiririko na programu ya PAYE inayotoza kodi pungufu

Swali: Mimi ni mhasibu msaidizi katika shule moja ya sekondari huku Masindi, Uganda, na jioni ninajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Mwalimu wetu haturuhusu kuandika hata mstari mmoja wa programu kabla ya kuandika algoriti na kuchora chati mtiririko. Nimetengeneza programu ya kukokotoa PAYE, yaani kodi ya mshahara inayokatwa na mwajiri, bila kuchora chochote, nayo inafanya kazi bila kuonyesha hitilafu, ila watumishi wenye mshahara mkubwa wanakatwa kodi ndogo mno. Mwenye shilingi 700,000 anakatwa 46,500 tu. Je, algoriti na chati mtiririko vinatofautianaje, na vina ulazima gani kwa mtu ambaye tayari anajua kuandika programu?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na hiyo 46,500, kwa sababu inatoboa siri yote. Ni asilimia 10 kamili ya 465,000, na 465,000 ndiyo inayobaki ukitoa 235,000 katika 700,000. Bila shaka programu yako iliuliza kwanza kama mshahara unazidi 235,000, ikapata jibu la ndiyo, ikatoza asilimia 10 na kumaliza kazi. Maswali uliyoyaandika chini yake kuhusu 335,000 na 410,000 hayakufikiwa kamwe. Python imetii ulichoandika. Kosa limo katika mpangilio wa maswali, yaani katika algoriti yenyewe, na kosa la namna hiyo ni la hatari kuliko la tahajia au la alama iliyosahauliwa, kwa kuwa kompyuta haina njia ya kukuonya.

Algoriti ni mfululizo wa hatua za kutatua tatizo, ambapo kila hatua ina maana moja tu, inatekelezeka, na mfululizo wote una mwisho baada ya hatua zinazohesabika. Haitegemei lugha ya programu, wala haihitaji kompyuta: njia ya Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili, iliyoandikwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, ni algoriti kamili, na leo hii unaweza kuiandika kwa Python kwa mistari michache. Chati mtiririko ni mchoro wa algoriti hiyo. Wahandisi wa viwandani Frank na Lillian Gilbreth walitumia michoro ya hatua za kazi tangu mwaka 1921, na katika miaka ya 1940 wanahisabati Herman Goldstine na John von Neumann wakatumia michoro ya aina hiyo kupanga programu za kompyuta za mwanzo.

Alama zake zimewekewa kiwango cha kimataifa, ISO 5807 cha mwaka 1985, lakini kwa kazi yako tano zinatosha. Umbo la yai huonyesha mwanzo na mwisho. Msambamba huonyesha data inayoingia au matokeo yanayotoka. Mstatili hubeba hesabu. Rombasi hubeba swali. Na mishale huonyesha njia ya kufuata. Rombasi ndiyo inayostahili uangalifu wako wote. Ni lazima itoke mishale miwili, mmoja wa ndiyo na mmoja wa hapana, na kila mmoja uwe na mahali unapokwenda. Ungechora chati ya programu yako ya sasa, ungeona kwamba mshahara wa 700,000 unatoka kwa mshale wa ndiyo kwenye rombasi ya kwanza na kuelekea mwisho moja kwa moja, huku rombasi mbili za chini zikipitiwa tu na mishahara isiyozidi 235,000, ambayo haitozwi kitu.

Sasa tuipange upya. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2012 kwa mkazi wa Uganda, mshahara wa mwezi usiozidi 235,000 hautozwi. Kuanzia hapo hadi 335,000 hutozwa asilimia 10 ya kinachozidi 235,000. Kuanzia hapo hadi 410,000 hutozwa 10,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 335,000. Na zaidi ya 410,000 hutozwa 25,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi 410,000. Rombasi ya kwanza iulize: mshahara hauzidi 235,000? Ikiwa ndiyo, kodi ni sifuri. Ikiwa hapana, mshale ushuke kwenye rombasi ya pili: hauzidi 335,000? Kisha ya tatu: hauzidi 410,000? Anayejibiwa hapana mara zote tatu ndiye wa asilimia 30. Unaweza pia kuanza na kiwango cha juu na kushuka. Njia zote mbili ni sahihi, mradi usizichanganye.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikosea. Mshahara unaozidi 10,000,000 huongezewa asilimia 10 ya kile kinachozidi kiasi hicho. Hilo si tawi la tano la kuchagua badala ya mengine, bali ni hesabu inayoongezwa juu ya ile ya asilimia 30. Kwa hiyo rombasi yake hukaa baada ya mstatili wa asilimia 30, na mshale wake wa hapana huuruka mstatili wa nyongeza. Ukieleza kwa maneno matupu utaona kama mambo ni yale yale. Ukichora, tofauti inaonekana mara moja.

Algoriti ya mtumishi mmoja ikishakamilika, izungushie kitanzi kwa ajili ya orodha nzima: soma mshahara, kokotoa, andika matokeo, nenda kwa anayefuata, kisha mshale urudi juu kuuliza kama orodha imekwisha. Ukisahau hatua ya kwenda kwa anayefuata, programu itamkokotolea mtu wa kwanza bila kikomo. Mfuatano, uchaguzi na kitanzi ndiyo miundo mitatu utakayoihitaji. Wataalamu wa kompyuta Böhm na Jacopini walithibitisha mwaka 1966 kwamba inatosha kujenga algoriti yoyote.

Kuhusu ulazima, mimi namuunga mkono mwalimu wako, ingawa si kwa kila kazi. Programu kubwa haichorwi yote, kwa sababu chati ya kurasa ishirini haisomeki na hupitwa na wakati punde programu inapobadilishwa. Hapo tunaandika hatua kwa lugha ya kawaida, na kuchora zile sehemu tu zenye maamuzi mengi. Kodi ya mshahara ni sehemu ya namna hiyo hasa, na anayejifunza anahitaji kuchora mpaka azoee kuyaona matawi kabla ya kuyaandika.

Ukimaliza, pitisha kidole kwenye chati kwa mishahara ya mipakani kabla ya kugusa Python, kisha linganisha na programu: 235,000 itoe sifuri, 335,000 itoe 10,000, 410,000 itoe 25,000, 700,000 itoe 112,000, na 12,000,000 itoe 3,702,000. Ingiza namba bila mikato, kwa kuwa Python haiwezi kuyageuza maandishi «700,000» kuwa namba kamili ukiyaacha hivyo. Na kwa kuwa mwajiri hutakiwa kuwasilisha kodi hiyo URA (Mamlaka ya Mapato ya Uganda) ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata, kama programu yako ilishatumika kulipa mishahara, zikokotoe upya hesabu za miezi yote iliyopita na umfikishie mhasibu mkuu tofauti hiyo mapema.