Bangili ya marehemu mama: iyeyushwe au iachwe?

Pole sana kwa msiba, dada. Umeuliza kama uyeyushe bangili ya mama upate pete, au ununue kidani kipya cha kuchovya dhahabu. Cha kuchovya achana nacho. Jasho na sabuni vitaibandua ile rangi, ubaki na shaba.

Bangili kama inakuenea, ivae hivyo hivyo. Mikwaruzo ile ni ya mkono wake, na moto wa sonara ukipita haipo tena. Ikiwa imekatika, sawa, iyeyushwe, ila usiondoke dukani: ipimwe gramu mbele yako kabla na baada (hupungua kidogo, si nusu!). Angalia mhuri kwa ndani: 916 ni karati 22, laini, pete nyembamba hupinda upesi. 750 ni karati 18, ngumu zaidi.

Ikishayeyushwa, ningekuwa mimi ningetengeneza kidani cha dhahabu hiyo hiyo, si pete. Pete inafua, inaosha vyombo, inalika mwaka hadi mwaka. Jina lake lichongwe kwa kina upande wa nyuma, la juu juu hufutika. Na mkufu usiwe mwembamba kama uzi. Ukikatikia kwenye daladala, ndiyo basi tena.